Saa Thelathini Kasorobo

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema, maana kila wiki kuna wasomaji wenye huruma wanaoniandikia kunitetea. Safari hii msijisumbue. Tunzeni stempu zenu.

Kwa aliyeshika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza: mimi ni Vernell Hightower, mchomeleaji vyuma niliyebakiwa na miwani ya kazi baada ya kiwanda kufungwa. Naishi ghorofa ya pili, upande wa magharibi wa Chicago. Nina watoto wawili, Odessa wa miaka tisa na Lonnie wa miaka mitano. Mama yao alikwenda Atlanta kwenye harusi ya binamu yake, na harusi hiyo sasa inaingia mwaka wa tatu.

Serikali ilipogeuza sheria ya msaada, ilisema mtu mzima hali bure tena. Saa thelathini za kazi kila wiki, la sivyo jina linafutwa. Sikuteta. Mimi kazi naipenda, yenyewe ndiyo hainipendi.

Wiki iliyopita niliwaacha nikifukuzwa kwenye ghala la mafunzo. Tulipewa henga za nguo tuzipange kwa rangi, nyeupe huku, nyeusi kule. Mimi nikamaliza zote kabla ya chakula cha mchana. Msimamizi akaja, akatazama, akapindua maboksi yote sakafuni, akazikoroga henga kwa mguu, akasema, "Haya, endelea."

Nikacheka.

Faili langu likaandikwa: "Hana ushirikiano."

Nikapewa wiki moja ya mwisho. Nikikosa saa thelathini, msaada unakatwa. Msaada ukikatwa, kodi ya nyumba hailipwi. Na kodi isipolipwa, shemeji yangu Claudine kule Memphis ameshatandika vitanda viwili. Si vitatu. Viwili.

Ndipo alipoingia Rozella.

Rozella Banks anakaa mlango unaotazamana na wangu. Ana watoto watatu: mapacha Marquis na Mercedes, na mdogo wao wa mwaka mmoja na nusu ambaye kila mtu anamwita Biskuti. Naye pia alikuwa anatafuta saa thelathini. Jumapili jioni alinigongea, ameshika kitabu cha kanuni.

"Vernell, wewe kutwa unafanya nini?"

"Nalea."

"Unalea nani?"

"Wanangu. Nimlee nani tena?"

"Hapo ndipo unapokosea, bwana. Nimekisoma hiki kitabu mara tatu. Kulea mtoto wako si kazi. Kulea mtoto wa mwenzio ni kazi, tena inaandikwa kwenye fomu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mimi nina watatu, wewe una wawili, na korido ni moja."

Nilimtazama. Akanitazama. Polepole jambo lile likaniingia, kama maji kwenye kiatu kibovu.

"Dada Rozella, unataka kusema wewe uje kwangu ulee wangu, mimi nije kwako nilee wako, halafu saa nane mchana kila mtu arudi kwake?"

"Kama makoti kanisani. Ibada ikiisha kila mtu anachukua lake."

Jumatatu asubuhi tulipiga simu ofisini. Kibali kikatoka siku hiyo hiyo, jambo ambalo peke yake lingetosha kunitia wasiwasi. Kilisema: kulea, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, Jumatatu mpaka Ijumaa. Saa sita mara siku tano ni thelathini kamili, na siku ile ya kwanza tukahesabiwa yote.

Theluji ilikuwa imefunga shule wiki nzima, kwa hiyo watoto wote walikuwa nyumbani. Kila asubuhi saa mbili mimi na Rozella tulipishana katikati ya korido kama walinzi wanaobadilishana zamu.

"Kazi njema, Baba Odessa."

"Kazi njema, Mama Biskuti."

"Usiniite hivyo mpaka saa nane."

Kazi ngumu ilikuwa kuwafundisha watoto.

"Sikilizeni," niliwaambia wangu. "Kati ya saa mbili na saa nane mimi si baba yenu."

"Ni nani basi?" Lonnie akauliza.

"Ni jirani. Ninafanya kazi kwa Shangazi Rozella."

"Na saa nane na dakika moja?"

"Baba."

"Na ukinikuta kwenye ngazi?" Odessa akauliza. Yule mtoto ana macho ya wakili.

"Nisalimie kama jirani."

Akatabasamu. Tangu siku hiyo kila nikitoka kwenda kazini ananiinamia mlangoni: "Shikamoo, jirani. Mkeo hajambo?"

Jumatatu ikapita. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, zikapita. Nilimwosha Biskuti mara nyingi kuliko nilivyopata kuosha gari. Mapacha walinifunga kwa kamba ya viatu kwenye kiti nikiwa nimesinzia. Lakini fomu ilijaa, mstari kwa mstari, kila robo saa na mstari wake. Kufikia Ijumaa asubuhi nilikuwa na saa ishirini na nne safi, na siku moja tu mbele yangu.

Saa saba mchana, Ijumaa, akaja ofisa wa msaada kutukagua.

Aliitwa Bi Haverkamp. Alikuwa amehamia mjini miezi minne tu iliyopita kutoka Arizona, ambako theluji wanaiona kwenye kadi za Krismasi. Alifika mlangoni kwa Rozella akikung'uta buti, pua nyekundu, mkoba umejaa fomu.

"Samahani kwa kuchelewa kidogo," akasema. "Mahali pa kuegesha hakuna kabisa. Bahati nzuri nimepata nafasi moja hapo mbele, imechimbwa vizuri sana. Kuna mtu alikuwa amesahau kiti chake cha jikoni katikati, nimekisogeza ukutani."

Mapacha waliacha kucheza. Hata Biskuti alikitoa kidole mdomoni.

Mtaani kwetu, kiti cha jikoni kikisimama kwenye theluji hakijasahauliwa na mtu. Ni hati miliki. Mtu akichimba nafasi ya gari, nafasi ile ni yake mpaka theluji iyeyuke, na kiti ndicho saini. Wezi wa redio za magari wanakiheshimu. Na kile kiti, cha mto wa njano uliochanika, kilikuwa cha Mzee Purvis wa ghorofa ya chini, mwenye miaka sabini na minne na mgongo mbovu. Alikuwa amechimba pale asubuhi nzima, kisha akaenda kwa daktari kwa ajili ya mgongo huo huo.

Nilifungua mdomo nimwambie. Nikaiona kalamu mkononi mwake. Nikasema moyoni, Vernell, leo usimkosoe mwenye kalamu.

Nikaufunga mdomo. Huo ni ujinga wa kwanza. Hesabuni.

Bi Haverkamp akaketi, akafungua fomu.

"Kwa hiyo, Bwana Hightower, hawa watatu si wako."

"Si wangu, bibi. Mungu ni shahidi, na majirani pia."

"Na wako wako wapi?"

"Kwangu. Wanalelewa na Bi Banks."

"Mama wa hawa."

"Ndiye."

Nikajua tumekwisha. Jambo lenyewe ukilisema kwa sauti, linachekesha. Lakini yule mama akaangaza uso kama aliyepewa zawadi.

"Vizuri sana! Hivi ndivyo sheria ilivyokusudia. Wazazi wawili, wote wametoka nyumbani, wote wako kazini." Akageuza ukurasa. "Mnaweza hata kuomba posho ya usafiri. Unasafiri umbali gani kwenda kazini?"

"Hatua tisa."

"Kwa usafiri gani?"

"Ndara."

Akaandika. Naapa, aliandika.

Mpaka hapo, ndugu wasomaji, nilikuwa mtu mwenye bahati kuliko wote Chicago. Ilikuwa saa saba na nusu. Nusu saa tu ikabaki.

Ndipo mlango wa ng'ambo ukajibamiza, na sauti ya Lonnie ikapasua korido. Si kilio cha kugombania kijiko. Mzazi anazijua sauti hizo mbili hata akiwa usingizini.

Rozella alisikika akisema, "Njoo, baba, njoo tutie maji baridi!" Lakini mtoto alikuwa ameshatoka. Akaja mbio, mkono mmoja umeshika mwingine, kidole cha shahada kimevimba kama soseji, kucha imekuwa nyeusi. Akasimama kizingitini. Akamwona Bi Haverkamp. Akakumbuka mafunzo yake.

"Jirani!" akalia. "Jirani! Nimebanwa na mlango! Jirani, kinauma!"

Machozi na kamasi vinashuka, na bado aliniita jirani. Hakukosea hata mara moja.

Nitaungama hapa kitu ambacho hata kwa mchungaji sijaungama. Kwanza nilitazama saa. Ndiyo. Mwanangu analia mbele yangu, nami nikatazama saa.

Halafu nikamwinua.

"Mimi baba yako," nikamwambia. "Unasikia, Lonnie? Baba yako."

"Lakini saa nane bado!"

"Achana na saa nane."

Nikampeleka jikoni, nikamfungia barafu kwenye kitambaa, nikamweka mapajani, nikampuliza kile kidole mpaka kwikwi zikaisha. Biskuti naye akaja akatambaa, akakipuliza, akakitemea mate. Rozella alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Ilipofika saa nane kasorobo mtoto alikuwa anauliza kama kucha itaota nyingine.

Bi Haverkamp alikuwa ameinamia fomu. Alipoinua uso, macho yake hayakuwa mabaya.

"Bwana Hightower," akasema taratibu, "hii robo saa. Kanuni inaruhusu mapumziko ya dakika kumi na tano kwa siku. Naona leo hukuwa umepumzika bado." Akaigonga kalamu kwenye fomu. "Ulikuwa unapumzika, sivyo?"

Msomaji, mlango ulikuwa wazi. Mtu mwenye akili angepita hata kwa magoti. Rozella nyuma yake alikuwa anatikisa kichwa juu chini kama kuku anayedonoa: Sema ndiyo, sema ndiyo!

Lakini mimi nilikuwa bado nasikia "jirani" masikioni.

"Hapana, bibi," nikasema. "Sikuwa napumzika. Andika nilikuwa nambeba mwanangu."

"Nikiandika hivyo siwezi kuihesabu."

"Andika hivyo hivyo."

"Vernell!" Rozella akapiga kelele. "Umelogwa?"

"Nimemkana siku tano, Dada Rozella. Zinatosha."

Bi Haverkamp akashusha pumzi, akaandika. Huo ndio ujinga wa pili, na ndio mkubwa. Maneno yalikuwa matamu mdomoni kwa muda wa kama dakika moja. Kisha akajumlisha.

"Saa thelathini kasorobo," akasema.

"Niongeze robo baada ya saa nane?"

"Kibali kinaishia saa nane."

"Nimlee Biskuti kesho?"

"Kesho ni wiki nyingine kwenye hesabu yetu. Nasikitika. Kweli nasikitika. Nina fomu za familia kumi na moja humu, na isiyofika ofisini kabla ya saa kumi jioni inahesabiwa sufuri. Hata mimi napimwa, Bwana Hightower."

Saa nane ilipogonga akafunga mkoba. Odessa alikuwa amekwisha vuka korido, amesimama nyuma ya Rozella, amesikia yote. Hakuniita jirani.

"Baba," akasema, "Memphis kuna theluji?"

 Nilichukua koti langu, nikasema namsindikiza ofisa. Sikuwa na mpango wowote. Mtu aliyeshindwa humsindikiza mgeni ili asibaki chumbani na macho ya watoto.

Tukashuka ngazi, Bi Haverkamp mbele, mimi nyuma, Rozella nyuma yangu amembeba Biskuti, akinitukana polepole kwa kila ngazi.

Nje, gari halikuwepo.

Yaani lilikuwepo, ila halikuonekana. Pale lilipoegeshwa palikuwa na kilima cha theluji, kimepigwapigwa kwa beleshi kikalainika kama keki. Juu kabisa ilichomoza antena. Na kando ya kilima, juu ya kiti cha jikoni chenye mto wa njano, aliketi Mzee Purvis, beleshi magotini, anakunywa kahawa kwenye chupa yake.

"Habari za mchana," akasema.

"Gari langu!" Bi Haverkamp akashika mashavu. "Nani amefanya hivi?"

"Mimi," akasema Mzee Purvis. "Theluji ni yangu. Niliitoa pale asubuhi, nimekuta mtu kahamisha kiti changu, nikaona labda hakutaka nafasi iwe wazi. Nikairudisha."

"Lakini hii ni barabara ya umma!"

"Barabara ni ya umma, mwanangu. Shimo ni la Purvis."

Yule mama akatazama saa yake. Nikamwona anahesabu: familia kumi na moja, saa kumi, ofisi iko mbali.  Akaanza kufukua kwa mikono, na glavu zenyewe za sufu.

Hapo ndipo Rozella aliponibana ubavu kwa kiwiko.

"Mwulize fomu ina mstari gani chini kabisa," akaninong'oneza.

"Unajuaje fomu ina mstari chini?"

"Mimi nasoma mpaka chini. Wewe unaishia kwenye jina lako."

Sikuuliza. Nilimwomba Mzee Purvis beleshi. Akanitazama, akamtazama yule mama anayefukua kama panya, akanipa.

"Ukivunja mpini," akasema, "nitakuzika na wewe."

Nikachimba. Mchomeleaji ana mabega, hata asiye na kiwanda. Nilianza na magurudumu ya nyuma, nikaja milango, nikakata njia mpaka katikati ya barabara. Jasho likanitiririka, koti nikalitupa kwenye uzio. Watoto wanne waliobaki walikuwa dirishani juu, pua kwenye kioo. Odessa alikuwa na saa ya ukutani mikononi, ameishusha kabisa kwenye msumari wake. Nilipochomeka beleshi kwenye theluji na kusimama, akafungua dirisha.

"Dakika kumi na tano!" akapiga kelele. "Kamili, Baba!"

Bi Haverkamp alikuwa ameshakaa nyuma ya usukani, injini inanguruma, kioo kimeteremshwa.

"Sijui niwashukuruje," akasema, na kweli machozi yalimlengalenga.

"Mimi najua," akasema Rozella. Akamhamishia Biskuti kiuno cha pili, akaingiza kichwa dirishani. "Toa fomu ya Vernell. Chini kabisa, mstari wa mwisho. Pameandikwa nini?"

Bi Haverkamp akaitoa. Akasoma kwa sauti ya chini. "'Kazi nyingine, kadiri ofisa atakavyoona inafaa.'"

"Mwisho wake saa ngapi?"

"Huu mstari hauna saa ya mwisho. Unataka saini yangu tu."

"Basi tia. Robo saa, kazi ya beleshi. Ofisa ameona, mwenyewe alikuwa ndani ya gari."

Kalamu ikatoka mkobani.  Ikashuka mpaka karibu na karatasi, ikasimama.

"Siwezi," akasema. "Dada, naomba unielewe. Hakuna aliyemwajiri. Hakuna aliyemwagiza. Huu ni wema tu wa jirani."

Neno lile tena. Likanichoma kuliko baridi.

"Na hilo jasho?" Rozella akauliza.

"Jasho halimo kwenye kipimo."

"Gari lilikuwa kaburini, sasa linanguruma."

"Na nashukuru kwa moyo wote! Lakini kazi ina maana yake kwenye kitabu. Kwa mujibu wa kanuni, hapa hakuna kazi yoyote iliyofanyika."

Rozella akatoa kichwa dirishani.  Akalichomoa beleshi pale nilipolichomeka, akatembea nalo mpaka kwenye kiti cha njano, akampa mwenyewe.

"Mzee Purvis," akasema, "umemsikia ofisa. Hapa hakuna kazi iliyofanyika. Irudishe theluji yako ilipokuwa."